Nimerithi kanzidata isiyo na mchoro: nitumie programu gani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miezi miwili tangu niajiriwe kuwa ofisa TEHAMA wa SACCOS moja. Aliyetengeneza mfumo wetu alishaondoka na hakuacha hata karatasi moja. Kanzidata (database) ni ya MySQL, ina majedwali 94. Meneja anataka mchoro wa majedwali hayo na jinsi yanavyohusiana, pamoja na maelezo yake, kabla mkaguzi hajafika mwezi ujao, na hapohapo tunatakiwa kuongeza sehemu ya mikopo ya vikundi. Mwenzangu mmoja ananiambia nitumie MySQL Workbench, mwingine dbdiagram, mwingine anasema SACCOS inunue erwin. Ipi ni bora?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usinunue chochote kwa sasa. Umeuliza kana kwamba swali ni moja, kumbe ni mawili, ndiyo maana wenzako wanakupa majibu matatu. Kuna kazi ya kubuni kitu ambacho hakijajengwa, yaani mikopo ya vikundi, na kuna kazi ya kueleza kitu kilichokwisha kujengwa, yaani hayo majedwali 94. Programu inayokufaa kwenye kazi ya kwanza inaweza kukuangusha kabisa kwenye ya pili. Mkaguzi yuko njiani, kwa hiyo tuanze na ya pili.

Msimamo wangu nakuambia mapema ili ujue kila ninachoshauri kinatoka wapi. Mchoro wa kanzidata ambayo tayari inafanya kazi usiuchore kwa mkono. Utolewe na programu kutoka kwenye kanzidata yenyewe, na maelezo ya kila safu (column) yaandikwe humohumo ndani ya kanzidata. Nimeingia ofisi ambako ukutani kuna mchoro mzuri, umechapishwa kwa rangi, na nusu ya majedwali yaliyomo yalishafutwa zamani. Mchoro kama huo ni hatari kuliko kukosa mchoro, maana mgeni anauamini.

Kabla ya kufungua programu yoyote, chukua muundo peke yake bila data ya wanachama. MySQL ina amri ya kazi hiyo:

`mysqldump --no-data --routines -u msomaji -p saccos > muundo.sql`

Hilo neno `--no-data` ndilo muhimu. Faili litakalotoka lina majedwali, safu, funguo na taratibu zilizohifadhiwa (stored procedures), lakini halina jina la mwanachama hata mmoja, wala namba ya simu, wala salio. Kwenye kompyuta yako sakinisha MySQL ya toleo lilelile la seva ya ofisi, ingiza faili hilo, na fanya majaribio yako yote hapo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipite, kubeba nakala nzima ya taarifa za wanachama kwenye laptopu ya kwenda nayo nyumbani ni jambo unaloweza kuulizwa, na huna haja nalo kabisa. Huyo mtumiaji niliyemwita `msomaji`, mwombe anayesimamia seva akutengenezee akiwa na ruhusa ya kusoma tu. Sababu utaiona huko mbele.

Sasa fungua MySQL Workbench. Toleo la bure linatosha. Nenda kwenye menyu ya Database, chagua Reverse Engineer, elekeza kwenye ile nakala tupu. Dakika chache baadaye utaona visanduku 94 vimelundikana, na nina wasiwasi kwamba kati yake hutaona mistari mingi ya uhusiano. Pengine hutaona hata mmoja. Usidhani programu ni mbovu. Workbench huchora mstari pale tu inapokuta ufunguo wa kigeni uliotangazwa, yaani ile kanuni inayoiambia kanzidata kwamba namba ya mkopo kwenye jedwali la marejesho lazima iwepo kwenye jedwali la mikopo. Mifumo mingi ya zamani haina kanuni hiyo. Sababu mojawapo ni injini ya kuhifadhi data inayoitwa MyISAM, ambayo ndiyo iliyokuwa chaguo la kawaida la MySQL hadi toleo la 5.5 lilipoiweka InnoDB mahali pake mwaka 2010. MyISAM haisimamii funguo za kigeni hata kidogo. Ukiiandikia inapokea amri bila kulalamika na kuitupa. Sababu nyingine ni kwamba mtengenezaji aliamua uhusiano wote autunze kwenye msimbo wa programu, na msimbo huo Workbench haiuoni.

Jua umesimama wapi kwa kuiuliza kanzidata kila jedwali linatumia injini gani:

`SELECT table_name, engine FROM information_schema.tables WHERE table_schema = 'saccos';`

Ukikuta MyISAM kwenye majedwali ya fedha, andika jambo hilo juu kabisa ya ripoti yako. MyISAM haina miamala (transactions) kabisa. Umeme ukikatika katikati ya kuandika marejesho, upande mmoja wa hesabu unaweza kuingia na mwingine ukabaki nje. Mkaguzi mwenye uzoefu atalitafuta, na ni heri alisikie kutoka kwako.

Mistari ikikosekana, ndipo ninapokupeleka kwenye programu ambayo hakuna mwenzako aliyeitaja: SchemaSpy. Ni ya bure, imeandikwa kwa Java, na haina madirisha ya kubofya. Unaiendesha kwa amri moja, inasoma kanzidata, kisha inakutolea folda ya kurasa za wavuti ambazo mtu yeyote ofisini anazifungua kwenye kivinjari bila kusakinisha kitu. Kila jedwali lina ukurasa wake wenye safu zake, aina ya data, funguo, na mchoro mdogo wa majirani zake. Huo mchoro mdogo ndio unaonipendeza. Mtu wa mikopo hahitaji kuona visanduku 94, anahitaji kuona jedwali la mikopo na yale manne au matano yanayoligusa. Ikilalamika kuwa haioni Graphviz, ambayo ndiyo programu inayoichorea, ongeza `-vizjs` kwenye amri nayo itatumia mchoraji aliye ndani yake.

SchemaSpy pia inabahatisha uhusiano ambao haujatangazwa, na kazi yako hasa inaanzia hapo. Inatazama safu yenye jina na aina sawa na ufunguo mkuu wa jedwali jingine, yaani safu inayotambulisha kila rekodi ya jedwali hilo, kisha inachora mstari wa vitone. Kama ufunguo mkuu wa jedwali la mikopo unaitwa `mkopo_id` na kwenye marejesho kuna `mkopo_id`, itaunganisha. Kama kwenye mikopo unaitwa `id` tu, haitaona kitu, na utalazimika kuiambia wewe kwa faili dogo la XML inalolisoma ukitumia `-meta`. Kila mstari wa vitone uuchukulie kuwa ni madai yanayosubiri ushahidi. Ushahidi unapatikana kwa swali hili la SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata, ambalo utaomba liendeshwe kwenye data halisi:

`SELECT COUNT(*) FROM marejesho r LEFT JOIN mikopo m ON m.id = r.mkopo_id WHERE m.id IS NULL;`

Jibu likiwa 0, uhusiano ni wa kweli na unaweza kuutangaza rasmi. Likiwa 37, una marejesho 37 ya mikopo isiyokuwepo, au yana `mkopo_id` tupu, na hapo umetoka kwenye uchoraji umeingia kwenye hesabu za watu. Usifute kitu. Toa orodha, mpelekee mhasibu, mkae pamoja. Katika miaka yangu ya kazi hii sikumbuki mfumo wa fedha usio na funguo za kigeni ambao swali hilo lilirudisha 0 kwenye kila jedwali.

Lakini hata ukipata mistari yote, bado hujaeleza kitu. Programu inajua kwamba safu inaitwa `hali`, inajua ni namba ndogo, inajua haikubali kuwa tupu. Haijui maana yake. Taasisi moja ya mikopo niliyowahi kuifanyia kazi ilikuwa na safu kama hiyo, yenye thamani 1, 2, 3 na 9. Tatu za kwanza zilieleweka: umeombwa, unalipwa, umekwisha. Ile 9 vijana wote wa ofisi walikubaliana kuwa ni mkopo uliofutwa, na ripoti zote mpya zikaandikwa kuiacha nje. Nilikwenda dirishani nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa keshia tangu mfumo unaanza. Hakufikiri hata sekunde mbili. Akasema, “Hiyo ni ya watumishi, makato yanatoka kwa mwajiri, kwa hiyo mfumo hauwatumii ujumbe wa kuwakumbusha.” Ile mikopo ilikuwa hai, inalipwa kila mwezi, na salio lake halikuwa likionekana kwenye ripoti yoyote ya meneja. Maelezo yale yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja aliyebakiza miezi michache kustaafu.

Kwa hiyo chukua siku tatu nzima ukakae na watu. Keshia, ofisa mikopo, mhasibu. Nenda na orodha ya safu zenye namba zisizo na maelezo kama hizo, na kwa kila moja uliza: hii 9 mnaiweka lini, nani anaiweka, mara ya mwisho kuiona ilikuwa lini? Watakachokuambia kiandike ndani ya kanzidata. MySQL inakupa nafasi ya herufi 1,024 kwa kila safu na 2,048 kwa kila jedwali, na SchemaSpy, Workbench na DBeaver (programu nyingine ya kutazama kanzidata) zote huyasoma maelezo hayo na kuyaonyesha.

Kuna mtego mmoja hapa, nisikilize vizuri. Kwenye PostgreSQL, aina nyingine ya kanzidata, kuandika maelezo ni amri safi, `COMMENT ON COLUMN`, haigusi kitu kingine. Kwenye MySQL unalazimika kuitangaza safu nzima upya:

`ALTER TABLE mikopo MODIFY hali TINYINT NOT NULL DEFAULT 1 COMMENT '1=umeombwa, 2=unalipwa, 3=umekwisha, 9=unalipwa kwa makato ya mwajiri';`

Ukisahau `NOT NULL` au `DEFAULT 1`, MySQL haitakuuliza. Itaviondoa, na kesho yake fomu ya maombi ya mkopo itaanza kuingiza mikopo isiyo na hali. Kwa hiyo kila mara anza na `SHOW CREATE TABLE mikopo`, nakili mstari wa safu ile kama ulivyo, ongeza maelezo mwishoni, jaribu kwenye nakala yako, halafu mpe msimamizi wa seva aendeshe baada ya ofisi kufungwa, bakapu ikiwa imeshachukuliwa. Na kama mkataba wenu na mtengenezaji unakataza kugusa muundo, maelezo yote yaweke kwenye lile faili la XML la SchemaSpy. Si pazuri kama ndani ya kanzidata, lakini yatatokea kwenye kurasa zilezile.

Michoro ya kumpa meneja itoe Workbench, kwa sababu hapo unaweza kupanga visanduku kwa mkono na kuchapisha. Ndani ya faili moja la Workbench unaweza kuwa na michoro mingi. Gawanya kwa kazi za ofisi: wanachama, akiba na hisa, mikopo na wadhamini, hesabu kuu, watumiaji wa mfumo. Ukizidisha majedwali 15 kwenye karatasi moja ya A3 hakuna atakayesoma, kwa hiyo sehemu kubwa igawe tena. Mwandikie pia pembeni jinsi ya kusoma alama: ile ncha yenye matawi matatu, mguu wa kunguru, inaonyesha upande wa wengi, na kistari kisicho na matawi upande wa mmoja. Hili si dogo. Peter Chen alipopendekeza michoro hii mwaka 1976 aliutia uhusiano ndani ya umbo la almasi, na waliosoma chuoni kwa vitabu vya namna hiyo hushangaa wakikuta Workbench inachora vingine. Maana ni ileile. Jambo moja ulijue usije ukapoteza muda kulitafuta: kipengele cha Workbench cha kutoa ripoti ya maandishi kiko kwenye toleo la kulipia. SchemaSpy inakufanyia kazi hiyo bure.

Sasa mikopo ya vikundi, ile kazi ya kubuni. Hapa mwenzako aliyetaja dbdiagram amekushauri vema. Ni tovuti: unaandika muundo kwa maneno, upande wa pili mchoro unajitokeza wenyewe. Lugha yake inaitwa DBML, nayo ni nyepesi kiasi kwamba ofisa mikopo anaweza kuisoma mkiwa mmekaa meza moja:

```
Table vikundi {
  id int [pk]
  jina varchar(100)
}
Table uanachama_kikundi {
  kikundi_id int
  mwanachama_id int
  ameingia date
  ametoka date
}
Ref: uanachama_kikundi.kikundi_id > vikundi.id
```

Tazama hilo jedwali la katikati. Rahisi ingekuwa kuweka `kikundi_id` moja kwa moja kwenye jedwali la wanachama, na ndivyo wengi wanavyofanya. Siku mwanachama akihama kikundi, unabadilisha namba, na papo hapo historia inapotea: mkopo aliouchukua akiwa kikundi cha kwanza sasa unaonekana kama wa kikundi cha pili, na wale wanne waliomdhamini hawaonekani tena. Ukiwa na tarehe ya kuingia na ya kutoka, unaweza kujibu swali ambalo siku moja litaulizwa mbele ya mwenyekiti: siku mkopo huu unatolewa, wanakikundi walikuwa nani? Kabla hujaandika safu yoyote nyingine, muulize meneja mambo matatu. Je, mtu anaweza kuwa kwenye vikundi viwili kwa wakati mmoja? Mkopo ni wa kikundi kinachogawana, au ni wa mtu mmoja akidhaminiwa na kikundi? Mmoja akishindwa kulipa, deni linahamia kwa wenzake kwa mgawanyo gani? Majibu yake ndiyo yatakayoamua majedwali. Hakuna programu ya bei yoyote itakayokuulizia maswali hayo.

Kwenye safu za fedha tumia `DECIMAL`, kamwe usitumie `FLOAT`, maana hiyo hukadiria, na senti zinazopotea kwenye riba ya wanachama 2,000 zitakutafuta mwisho wa mwaka. Na kama unategemea `CHECK` kuzuia kiasi hasi, kwanza angalia toleo la MySQL yenu. Kabla ya 8.0.16 kanuni hiyo ilikuwa inasomwa na kupuuzwa kimyakimya.

Muundo ukikubalika, dbdiagram itakutolea amri za SQL za kuujenga. Workbench nayo inaweza kuusukuma moja kwa moja hadi kwenye seva, na hapa ndipo ile ruhusa ya kusoma tu inapokulinda. Kwenye Forward Engineer kuna kisanduku cha kufuta majedwali kabla ya kuyatengeneza upya. Kwenye Synchronize, kama kanzidata ina safu ambayo mchoro wako hauna, Workbench inaweza kupendekeza kuifuta ili viwili vifanane. Inafanya kazi iliyoumbiwa, ila safu ile inaweza kuwa ndiyo yenye namba za simu za wadhamini. Chombo cha kubuni kisiunganishwe na seva ya kazi kikiwa na ruhusa ya kuandika, hata kwa dakika tano. Kikupe faili la SQL, ulisome mstari kwa mstari, ulijaribu kwenye nakala.

Mafaili hayo ya SQL usiyatupe. Yape namba na uyatunze kwenye Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, tena ikiwezekana tumia Flyway, programu ya kuendesha mafaili hayo kwa mpangilio: faili linaitwa `V2__ongeza_vikundi.sql`, Flyway inaliendesha mara moja tu na kuandika kwenye jedwali lake kwamba limeendeshwa lini. Kwa mfumo unaofanya kazi tayari utaanza na amri ya `baseline`, iuhesabu muundo wa leo kuwa toleo la kwanza. Kila faili jipya likiingia, endesha SchemaSpy tena. Faili la Workbench, lile la `.mwb`, ndani yake ni zipu, kwa hiyo Git haiwezi kukuonyesha kilichobadilika. DBML ni maandishi matupu, tofauti unaiona mstari kwa mstari. Hilo kwangu ni sababu tosha ya kubuni kwa maandishi.

Na erwin? Ni programu ya heshima, sawa na PowerDesigner ya SAP au ER/Studio. Zinatenganisha mchoro wa biashara, mchoro wa kimantiki na mchoro halisi wa seva, zinashika kanzidata za aina nyingi kwa pamoja, na benki yenye mifumo mingi na timu nzima ya wasanifu wa data inapata thamani ya fedha yake. Nyinyi mna mfumo mmoja na mtu mmoja. Fedha hiyo inunulieni diski ya pili ya bakapu. Kama siku moja mtahamia PostgreSQL, pgAdmin 4 ina chombo chake cha kuchora, na DBeaver inakuonyesha michoro ya karibu kanzidata yoyote utakayoiunganisha.

Mkaguzi akifika mpe folda ya SchemaSpy kwenye flashi, ile michoro ya A3, orodha ya safu zenye taarifa binafsi (majina, namba za NIDA, simu, picha, saini) ikionyesha ziko kwenye jedwali gani na nani ana ruhusa ya kuzisoma, na matokeo ya maswali ya rekodi zilizokosa mzazi, kama yale marejesho yasiyo na mkopo, hata kama si mazuri. Wiki ya kwanza itoshe kwa nakala tupu, injini na SchemaSpy. Ya pili kaa na keshia. Ukikwama kwenye faili la XML nitumie ile `muundo.sql`, ila kwanza ifungue uhakikishe haina mstari wowote wa `INSERT` wenye data ya wanachama.